Saa Sita ya Wapi

Daftari la hesabu la Rukia lilibaki na kurasa saba.
Nikalichukua. Nikachora mistari kwa mgongo wa kisu cha siagi:
pauni huku, yuro pale, na pembeni kabisa,
kwa mazoea tu, shilingi.

Nje, Leicester inanyesha ile mvua isiyo na adabu,
haimwagiki wala haikatiki,
imening'inia kwenye kamba ya kuanikia
kama mgeni aliyeaga tangu adhuhuri.
Kipasha joto nimekizima. Nimevaa koti la Mbaruku;
mwenyewe yuko zamu ya usiku, ghalani, anapanga viatu vya watu.

Alikante, mwezi wa tatu, nyuzi ishirini na moja.
Tiketi pauni kumi na tisa kila kichwa!
Nikacheka peke yangu jikoni. Pauni kumi na tisa
ni kusukwa nywele upande mmoja.
Kisha nikasoma yale maandishi ya sisimizi:
begi liingie chini ya kiti, likigoma unalipa,
mkitaka kukaa pamoja, mke na mume wa ndoa, mnalipa.
Nikatoa futi ya cherehani, nikalipima begi la shule.
Limezidi kidole kimoja.
Basi tutavaa mizigo. Mbaruku suruali mbili,
mimi gauni juu ya gauni, kabati lililoota miguu,
na taulo nitajifunga tumboni,
wadhani mimba, wanipishe.

Chumba: ghorofa ya tano, ngazi tupu.
Dirisha linatazama ukuta, lakini ukuta wenyewe, pichani,
una jua.
Pauni thelathini na nne kwa usiku.
Mkono ukaenda wenyewe kule pembeni,
ukaandika: mifuko saba ya saruji.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wangu.
Miaka kumi na mmoja sijatia kitu kinywani nchi hii
kisigeuke saruji.
Kahawa ya njiani, karibu mfuko. Viatu vya Rukia, mabati mawili.
Muheza nyumba imefika kwenye linta,
na fundi Mhina kila Jumapili hunitumia picha ya ukuta uleule
nione ulivyosimama.
Nauona, fundi. Haujakimbia.

Nikaendelea. Mchele kilo mbili, ndani ya soksi.
Basi la kutoka uwanjani, kwenda na kurudi.
Bahari: nikaandika sifuri, nikaipigia mstari mara mbili.

Rukia akashuka kunywa maji, akainama begani kwangu.
Kidole chake kikasimama penye: ndege, saa sita na robo.
"Saa sita ya wapi, mama?"
"Ya kwenye tiketi."
"Umeshaigeuza, au bado?"
Nikanyamaza.
Nilikuwa nimeshapanga tuamke, tunywe chai ya maziwa,
tukapande ndege mchana kweupe kama watu wazima.
Kumbe ni kumi na mbili na robo, alfajiri,
giza totoro, mabasi yamelala,
na teksi pauni arobaini na tano.
Teksi imeipita ndege!
Rahisi ghali, alikuwa akisema marehemu mama
kila alipoirudisha sokoni sufuria inayovuja.

"Si tulale hukohuko uwanjani," Rukia akasema,
macho yanamwaka kama usiku wa kuamkia Idi.
"Kwenye viti. Na chupa ya chai."
Akaenda juu, nikamsikia anafungua kabati,
saa tano za usiku, anatafuta miwani ya jua.

Nikafuta teksi. Nikaandika: viti, sifuri.
Kisha nikashika mkasi, polepole,
nikaukata ule ukanda wa pembeni, juu mpaka chini,
shilingi zote na saruji yake.
Sikuutupa. Nimeubana kwenye friji kwa sumaku,
utatungoja siku nne.

Mbaruku akirudi asubuhi atalikuta daftari lina pengo,
atauliza panya gani huyu
anayekula hesabu.